Sakafu ya Karatasi Yataka Nyumba Kavu

KATIKA mtaa wa Bwiza, mjini Bujumbura, vyumba vya kupanga ni vingi, na aghalabu ni vya zamani. Tangu enzi za Wabelgiji, mji ulipokuwa ukiitwa Usumbura, Bwiza na jirani yake Buyenzi ilikuwa mitaa ya Waafrika, yenye viwanja vidogo vilivyobanana na barabara nyingi zilizopewa namba badala ya majina. Viwanja ni vile vile, ila wakazi wameongezeka. Katika uwanja mmoja huweza kukaa jamaa nne au tano, kila moja na mlango wake, bomba likiwa la wote.

Katika vyumba hivyo sakafu ndiyo huchoka kwanza. Saruji, au sima kama watu wa Bujumbura waitavyo, ilimwagwa nyembamba miaka mingi iliyopita. Imepasuka, imeacha shimo mlangoni na vishimo chini ya miguu ya kitanda. Kila asubuhi mama wa nyumba hufagia vumbi la kijivu ambalo halikuingia kutoka nje. Limetoka katika sakafu yenyewe. Mtoto atambaaye hulila vumbi hilo kwa viganja vyake.

Neno la Kirundi ubwiza lina maana ya uzuri, na kwa kweli wakazi wa Bwiza hawakosi kupenda mapambo. Mlangoni huning'inia pazia, juu ya viti hutandikwa vitambaa vya kudarizi, na ukutani hutundikwa picha ya harusi iliyofungwa kwenye kioo. Lakini macho ya mgeni yakishuka chini, mama hujikuta akiusogeza mkeka kwa mguu ili ufunike pale palipo pabaya zaidi.

Kwa familia ya askari jambo hili lina uzito wake. Askari na polisi huhamishwa, na nyumba ya kupanga hubaki nyuma. Burundi ilipoanza kupeleka majeshi Somalia mwishoni mwa mwaka 2007, wake wengi walibaki miezi mingi wakiiendesha nyumba peke yao, wakiamua wenyewe ni senti ipi ya akiba iende kwa karo na ipi iende kwa nyumba. Mke kama huyo akiambiwa kwamba kuna sakafu nzuri itengenezwayo kwa karatasi na gundi, swali lake si kama inapendeza. Atauliza kama fedha yake itapotea mvua ikinyesha.

Swali hilo ndilo la kujibiwa kwanza.

KARATASI GANI HIYO?

Karatasi inayosemwa hapa ni ile ya rangi ya kaki, nene na ngumu kupasuka, itumikayo kwa mifuko ya saruji. Ilianza kutengenezwa na mkemia Mjerumani Carl Dahl, mjini Danzig, mwaka 1879. Aligundua namna ya kupika vipande vya mbao ili nyuzi zake zitoke zikiwa ndefu na zenye nguvu, na hata jina la karatasi hiyo, kraft, ni neno la Kijerumani lenye maana ya nguvu. Huko Marekani na kwingineko watu hubandika vipande vya karatasi hiyo juu ya saruji au mbao, kisha huvipaka vanishi mara nyingi, na sakafu huonekana kama ngozi ya zamani au kama jiwe lenye mishipa.

Lakini mabingwa wa sakafu ya karatasi ni Wakorea, nao wamekuwa wakiitumia kwa karne nyingi. Katika nyumba zao za jadi, joto na moshi wa jiko hupitishwa katika mifereji iliyo chini ya sakafu ya mawe na udongo, ndipo moshi ukatokea upande wa pili. Juu ya sakafu hiyo hubandikwa karatasi iitwayo hanji, itengenezwayo kwa magome ya aina ya mforosadi, tabaka juu ya tabaka. Ile ya juu hupakwa mafuta ya maharage ya soya mpaka ikawa na rangi ya asali na kuteleza kama kioo. Juu yake watu huketi, hula na hulala.

Msomaji wa Bwiza atazame mambo mawili katika desturi hiyo. La kwanza ni kwamba Mkorea haingii ndani na viatu. La pili, ambalo ni kubwa zaidi, ni kwamba moto hupita chini ya sakafu yake, kwa hiyo sakafu hiyo ni kavu daima. Karatasi haikudumu pale kwa sababu ni imara kuliko karatasi nyingine. Ilidumu kwa kuwa unyevu haukupata njia ya kupanda kutoka ardhini.

Bwiza hakuna moto chini ya sakafu. Kilichopo chini ni ardhi ya mji ulio kando ya Ziwa Tanganyika, wenye mvua tangu Oktoba hadi Mei, pamoja na mifereji ya barabarani ambayo mara nyingi imeziba. Vanishi huzuia maji yanayomwagika juu, lakini haina nguvu juu ya maji yanayopanda kutoka chini. Unyevu ukipanda, gundi hulegea, karatasi huvimba kama chapati, ukungu mweusi huota chini ya vanishi, na kazi yote ya wiki mbili hung'oka kwa vidole.

KUPIMA SAKAFU

Kwa bahati njema kipimo cha unyevu hakihitaji fundi. Huchukuliwa kipande cha nailoni safi inayopenya mwanga, kama ile inayofunika godoro jipya, chenye upana wa nusu mita kila upande. Hulazwa sakafuni na kingo zake zote hubandikwa kwa utepe wa gundi hata hewa isipite. Baada ya siku mbili hufunuliwa. Kama chini yake pana matone, au saruji imegeuka rangi na kuwa nyeusi zaidi kuliko sehemu zilizo kando, sakafu hiyo inapitisha maji, na karatasi isiwekwe. Kama ni kavu, kipimo hurudiwa katika kona ya chumba na karibu na ukuta wa nje, kwani chumba kimoja huweza kuwa kikavu katikati na kibichi pembeni.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni wakati wa kupima. Sakafu yoyote ya Bujumbura huonekana kavu mwezi wa Julai. Yafaa kipimo kifanywe Aprili, mvua inapokuwa imeijaza ardhi, na kazi yenyewe ifanywe katika kiangazi kirefu ambacho Warundi hukiita ici, kuanzia Juni hadi Agosti, gundi na vanishi zinapokauka vizuri. Mwenye kupima Aprili na kutenda Julai hatajuta. Asiye na subira hiyo ni heri anunue zulia la plastiki, ambalo likishindwa huweza kukunjwa na kuchukuliwa.

Kuna mahali ambapo hata kipimo si lazima, kwa kuwa jibu linajulikana: jikoni, bafuni, barazani, na katika nyumba yoyote iliyo kwenye bonde ambalo maji hutuama. Watu wa Gatumba na wa mitaa ya ufukweni, ambao miaka ya karibuni wameliona ziwa likiingia vyumbani mwao, hawahitaji kuambiwa.

Na sakafu ya udongo je? Karatasi haishiki juu ya udongo mtupu. Kwa sakafu ya namna hiyo kuna ufundi mwingine. Nchini Rwanda, shirika la EarthEnable hushindilia udongo na changarawe mpaka vikawa kama jiwe, halafu huzipaka sakafu hizo mafuta ya kitani yanayokauka na kuufunga uso wake. Hiyo yastahili makala yake yenyewe.

Isidhaniwe kuwa habari ya sakafu ni ya urembo peke yake. Mwaka 2000, katika jimbo la Coahuila nchini Meksiko, serikali ilianza kuwamwagia maskini saruji katika nyumba zilizokuwa na sakafu za udongo. Watafiti waliolinganisha familia zilizopata sakafu hizo na zile ambazo hazijapata walikadiria kuwa udongo ukiondolewa kabisa, watoto wenye minyoo na vijidudu vya tumbo hupungua kwa asilimia 78, kuhara kwa asilimia 49, na upungufu wa damu kwa asilimia 81. Hesabu hizo ni za saruji nzima juu ya udongo, wala hazipasi kuazimwa kwa karatasi. Hata hivyo zinaonyesha kwamba uso wa sakafu uliofungika, usiotoa vumbi na unaofutika kwa kitambaa, ni jambo la afya ya mtoto. Nyufa nazo zina wenyeji wao. Funza, ambaye alifika Afrika kwa meli kutoka Brazili mwaka 1872 na kutua Angola, hukulia katika vumbi la sakafu iliyopasuka, na kabla karne ile haijaisha alikuwa amekwisha kufika Zanzibar.

KUANDAA VIFAA

Chumba cha mita 3 kwa mita 3 kina eneo la mita 9 za mraba. Mfuko wa saruji wa kilo 50, ukichanwa ubavuni na kutandazwa, hutoa kipande cha zaidi kidogo ya nusu mita ya mraba, na kwa kawaida una tabaka mbili au zaidi. Mabaki yenye gundi ya kiwandani na sehemu za kupandana yatolewe katika hesabu. Wajenzi wengi huitoa bure au kwa bei ndogo. Achunguze tu mchukuaji asije akapewa mifuko iliyofumwa kwa nyuzi za plastiki, kwani hiyo haifai hata kidogo.

Mifuko ikung'utwe nje, penye upepo, mtu akiwa amefunga kitambaa puani na watoto wakiwa mbali. Vumbi la saruji likikutana na jasho huchoma ngozi, na likiingia machoni ni hatari kubwa. Tabaka la ndani kabisa, lililogusana na saruji, litupwe. Yule asiyependa shughuli hiyo anaweza kukusanya mifuko ya kaki ya madukani. Hiyo imezagaa tangu nchi ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, kwa amri ya Agosti 2018 iliyotoa muda wa miezi 18 na kuanza kushika Februari 2020. Karatasi yake ni nyembamba zaidi, lakini safi.

Gundi ni ile nyeupe ya maseremala, lita 4 kwa chumba hicho, ambayo huchanganywa na maji kiasi sawa. Wako watakaouliza kwa nini isitumike gundi ya unga wa muhogo, ambayo haina gharama na ambayo kila mtoto wa shule ameipika. Kwa kubandika magazeti ukutani inafaa. Kwa sakafu haifai, kwa sababu ni chakula: mende huila, sisimizi huifuata, na siku za mvua huota ukungu. Mkorea aliweza kutumia gundi ya wanga kwa kuwa moto wake uliikausha kila jioni.

Kisha vanishi, na hapa ndipo fedha inapokwenda. Lita moja hutosha takriban mita 10 za mraba kwa mpako mmoja, na sakafu ya chumba cha kuingia na kutoka haiwezi kupata chini ya mipako 6. Kwa hiyo chumba kile cha mita 9 kitataka lita 5 na ushei. Inunuliwe vanishi ya mafuta iliyoandikwa kuwa ni ya sakafu. Ile ya milango na viti ni laini, hukwaruzwa upesi. Katika soko la Ruvumera, Buyenzi, na maduka yaliyolizunguka, mnunuzi atashawishika kuchukua kopo dogo na kusema mipako 3 yatosha. Haitoshi. Karatasi ameipata bure, na afadhali asianze kazi mpaka akiba yake ifikie vanishi kamili, maana sakafu ya mipako 3 huonekana nzuri Agosti, na Desemba karatasi imechubuka njia nzima kutoka mlangoni hadi kitandani.

KAZI YENYEWE

Siku ya kwanza ni ya usafi. Nta ya zamani na ile rangi nyekundu ing'arishwayo hukataa gundi, hivyo sakafu isuguliwe kwa sabuni, maji moto na brashi ngumu, isuuzwe mara mbili, kisha iachwe ikauke siku kadhaa milango ikiwa wazi. Matone machache ya maji yakimwagwa na kubaki yamesimama kama shanga, nta bado ipo. Yakinywewa na saruji, kazi iendelee. Mashimo na nyufa zizibwe kwa saruji na mchanga laini, zisawazishwe, na kuachwa zaidi ya wiki. Karatasi hufuata umbo la kilicho chini yake kama shuka inavyofuata godoro: kijiwe kidogo kilichosahauliwa kitaonekana daima, na hapo ndipo vanishi itakapoanza kuchubuka.

Karatasi hairuhusiwi kukatwa kwa mkasi. Huchanwa kwa mikono, vipande vya ukubwa kati ya kiganja na sahani, visivyo na umbo maalumu. Ukingo uliochanwa huwa mwembamba na wenye nyuzi, nao hulala juu ya mwenziwe bila kuacha ngazi; ukingo wa mkasi husimama, na mguu huupata. Vipande vyenye upande mmoja ulionyooka, kama ulivyotoka kiwandani, viwekwe kando kwa ajili ya kandokando ya kuta. Upande wenye maandishi ya kiwanda utazame chini, isipokuwa kama mwenye nyumba anapenda kusoma jina la saruji kila anapofagia. Kazi hii ya kuchana huweza kufanywa na watoto wakubwa jioni, na huifurahia kupita kiasi.

Kila kipande hufinyangwa kuwa mpira, hufunguliwa, hufinyangwa tena. Ni mikunjo hiyo itakayonywa gundi na vanishi zaidi na kutoa ile mishipa kama ya jiwe.

Kubandika huanzia kuta za ndani na kumalizikia mlangoni, ili mbandikaji asijifungie kona. Eneo dogo la sakafu hupakwa gundi kwa brashi. Kipande huchovywa katika beseni ya gundi, hukamuliwa kidogo, hulazwa, na kulainishwa kwa viganja kutoka katikati kwenda pembeni hata hewa yote itoke. Kinachofuata hupandia cha kwanza kwa upana wa vidole viwili. Kwa watu wawili wanaosaidiana, mmoja akichovya na mwingine akilaza, chumba cha mita 9 ni kazi ya siku nzima. Magoti huuma, na mkeka uliokunjwa chini yake si anasa.

Jioni ile sakafu hutazamika vibaya: nyeusi, yenye mabaka, imejaa mawimbi. Wengi hukata tamaa hapo na kuanza kubandua. Isiguswe. Inapokauka karatasi hujivuta na kujinyoosha yenyewe, na rangi hurudi kuwa ya kahawia nyepesi. Ikipita siku mbili au tatu, sakafu hugongwa kwa ukucha kila mahali. Penye sauti ya utupu pamebaki hewa. Huchanjwa kwa wembe, hutiwa gundi kwa ncha ya brashi, na kukandamizwa kwa kitabu kizito.

Apendaye rangi zaidi anaweza kupitisha kitambaa kilichochovywa katika kahawa nzito, na Burundi haina upungufu wa kahawa. Rangi yake hukaa katika mikunjo na kuiongezea kina. Ila jua la dirishani litaififisha kidogo kidogo, na pale lilipo zulia patabaki giza. Baada ya rangi kukauka, hupitishwa mpako mmoja wa ile gundi iliyochanganywa na maji ili kuziba vinyweleo vya karatasi, na sakafu huachwa siku moja nyingine.

VANISHI NA MOTO

Sehemu hii ndiyo ya hatari, na haipasi kusomwa juu juu. Mvuke wa vanishi ya mafuta hulewesha, na ukikutana na moto huwaka. Katika viwanja vya Bwiza jiko la makaa, imbabura, huwa hatua mbili tu kutoka mlangoni, na mara nyingi si la mwenye chumba bali la jirani. Basi majirani waarifiwe siku moja kabla, majiko yasogezwe upande wa pili wa uwanja, asiwepo mvutaji wala mshumaa, na umeme ukikatika usiku kazi ingoje asubuhi. Watoto na mama mjamzito walale kwa ndugu. Madirisha yote yabaki wazi.

Vitambaa vilivyofutia vanishi ya mafuta visirundikwe kona wala kutiwa ndani ya ndoo. Mafuta ya namna hiyo yanapokauka hutoa joto, na rundo la vitambaa huweza kujiwasha lenyewe bila kiberiti. Vitandazwe kimoja kimoja juani hata vikakamae, ndipo vitupwe.

Mpako wa kwanza na wa pili huwa mwembamba, wala haupigwi msasa, kwa kuwa msasa ungefika kwenye karatasi. Kuanzia wa tatu, msasa laini hupitishwa kwa mkono mwepesi kati ya mpako na mpako, vumbi likafutwa kwa kitambaa chenye unyevunyevu. Kila mpako upewe muda ulioandikwa kwenye kopo na saa chache za nyongeza. Baada ya wa mwisho, miguu mitupu huweza kupita kesho yake, lakini kitanda, kabati na sanduku la chuma vingoje wiki nzima. Familia isiyo na pa kukaa wiki hiyo ifanye chumba kimoja kimoja.

KUISHI NA SAKAFU HIYO

Kila mwenyeji wa Bujumbura anajua namna sakafu inavyooshwa mjini: ndoo ya maji humwagwa, sabuni hufuata, na maji husukumwa nje ya mlango kwa ule mpira wenye mpini mrefu. Ni usafi wa kupendeza, na ndio utakaoiua sakafu ya karatasi. Maji yaliyotuama hutafuta mwanya kandokando ya ukuta, na yakiupata huingia chini. Sakafu hii hufagiwa kwa ufagio laini, kisha hufutwa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Mfanyakazi wa nyumbani, au dada aliyekuja kutoka kijijini kusaidia, aonyeshwe jambo hili siku ya kwanza.

Buti za askari zibaki mlangoni juu ya gunia. Mchanga ulionasa katika nyayo zake ni msasa, na mguu wenye uzito wa mtu mzima huusugua barabara. Sanduku la chuma libebwe na watu wawili wala lisiburutwe. Miguu ya kitanda na viti ivalishwe vipande vya ndala za zamani. Kidoo cha maji ya kunywa kiwekwe juu ya sinia. Na sufuria iliyotoka motoni isitue hapo hata kwa dakika moja.

Limebaki suala la mwenye nyumba. Sakafu hii haibanduki ikawa mizigo. Ikishika imeshika, na kuiondoa ni kazi ya kukwangua siku nyingi. Mpangaji asiianze kwa siri. Amwendee mzee mwenye nyumba, amweleze, amwonyeshe ubao mdogo alioujaribu kwa vipande vichache na mipako kadhaa ya vanishi. Jaribio hilo, kwa hakika, lapasa kufanywa na kila mtu kabla ya kununua makopo. Wakikubaliana, waandike: nani amelipa nini, na kodi isipandishwe kwa sababu ya sakafu kabla ya muda fulani kupita. Karatasi hiyo itiwe sahihi na wote wawili mbele ya shahidi. Mke wa askari ambaye mumewe anaweza kuhamishwa mwezi ujao afikirie kama miezi atakayokaa inalipia lita 5 za vanishi. Mwenye mkataba wa mwaka na zaidi ana sababu; mwenye mashaka aweke fedha yake, atengeneze ubao wa meza badala ya sakafu, maana huo atauchukua.

Sakafu iliyotunzwa hutaka mpako mmoja mpya wa vanishi kila kiangazi, mahali panapopitwa sana. Pakitokea jeraha, mathalani kaa la moto limedondoka, sehemu iliyoungua hukwanguliwa kwa wembe mpaka kwenye saruji, na vipande vipya huchanwa, hufinyangwa na kubandikwa kwa njia ile ile. Kwa hiyo bahasha ya karatasi za mifuko ile ile ihifadhiwe tangu mwanzo, pamoja na nusu kopo la vanishi lililofunikwa vizuri na kuwekwa mbali na jiko. Kiraka kitang'aa kuliko wenzake kwa miezi michache. Baadaye vumbi la Bwiza na nyayo za watoto hukizoeza, na hata aliyekibandika hupata taabu kukionyesha.